Etymonline na kitenzi "be": tathmini ya mwalimu wa Kiingereza

Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Tanga, na kitenzi kinachowasumbua wanafunzi wangu kuliko vyote ni kifupi kuliko vyote: "be". Wengi wao wamesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili. Wakiingia kidato cha kwanza wanakuta biolojia, historia na hesabu vimegeuka Kiingereza kwa mpigo. Ndipo unapofungua daftari ukakuta "I am go to the shop", "we was there", "he be my brother". Kitabu cha kiada kinawapa jedwali la "am", "is", "are", "was", "were", "been", nao wanalikariri kama wanavyokariri miji mikuu ya Afrika.

Binti mmoja wa kidato cha pili aliuliza swali ambalo jedwali lile halina jibu lake. "Madam," alisema, "kwenye 'walk', 'walks', 'walked' naliona neno lenyewe. Kwenye 'am', 'is', 'was', neno lenyewe liko wapi?"

Mwanafunzi akiuliza hivyo anastahili jibu la kweli. Kumwambia "ndivyo Kiingereza kilivyo" ni kumfundisha kwamba lugha haina sababu, na mtoto akishaamini hivyo ataikariri yote na ataichukia yote. Mimi jibu hulipata Etymonline, kamusi ya mtandaoni ya asili za maneno ya Kiingereza. Naiandikia tathmini kwa sababu walimu wenzangu wengi hawajawahi kuifungua, na waliowahi wengi wao walitafuta neno moja wakaondoka.

Jina lake kamili ni Online Etymology Dictionary. Aliyeikusanya ni Douglas Harper, Mmarekani wa Pennsylvania, mhariri wa gazeti na mwandishi wa historia ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Alichofanya ni kukaa na kamusi kubwa za wataalamu, ikiwemo Oxford English Dictionary na ile ya Ernest Weekley ya mwaka 1921, akazisoma, akazilinganisha, kisha akaandika kwa ufupi kila neno limetoka wapi na limepitia maana zipi. Leo ina maneno zaidi ya 50,000. Kuisoma ni bure, huulizwi namba ya siri wala kadi ya benki, na kwa kuwa kurasa zake ni maandishi zaidi kuliko picha, simu ya kawaida inatosha.

Sasa tuifungue kwenye "be" yenyewe, maana hapo ndipo nilipoipimia.

Jambo la kwanza linalokukabili ni kwamba "be" si kitenzi kimoja. Ni vitenzi kadhaa vya zamani vilivyoishi mbalimbali, kisha vikaunganishwa vikawa kimoja. Kundi la kwanza ndilo lililozaa "be", "been" na "being". Wataalamu wanalirudisha kwenye mzizi wa kale sana wa lugha za Ulaya na India, wenye maana ya kuwa, kukua, kuota. Kundi la pili limezaa "am" na "is", na mzizi wake ni mwingine kabisa, *es- (kinyota hicho nitakieleza mbele). La tatu limezaa "was" na "were", nao wametoka kwenye mzizi *wes-, wenye maana ya kukaa, kubaki, kuishi mahali. Weekley, ambaye kamusi hii inamnukuu, aliona kwamba kitenzi hiki ni mkusanyiko uliojitokeza wenyewe kutoka lahaja mbalimbali za Kiingereza cha Kale. Hakuna aliyekaa akaupanga.

Kwa hiyo yule binti alikuwa ameona sawasawa. Neno lenyewe halionekani kwa sababu ni maneno matatu.

Kilichonifurahisha zaidi ni jedwali la Kiingereza cha Kale lililomo humohumo kwenye "be". Waingereza wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita walikuwa na njia mbili za kusema "yeye ni": "he is" na "he bið", ile herufi ya mwisho ikitamkwa kama "th". Njia hizo mbili hazikuwa na kazi moja. Ya kwanza ilielekea hali ya sasa hivi. Ya pili ilitumika kwa mambo ya siku zote, na kwa mambo yajayo. Nilipolisoma hilo nilisimama palepale, kwa sababu sisi tunayo tofauti hiyo na tunaitumia kutwa. "Juma ni mgonjwa" na "Juma huwa mgonjwa" si habari moja. Mwambie mwanafunzi kwamba "bið" ilifanya kazi ya "huwa" na "atakuwa", ataielewa kwa dakika moja, na ataielewa kuliko mwanafunzi wa Kiingereza wa London, ambaye lugha yake ya leo imeipoteza tofauti hiyo.

Kisha kuna "are". Ukitoka "be" ukaingia "am" na "are", unasimuliwa jinsi Kiingereza kilivyowahi kuwa na wingi wa namna zaidi ya moja. Kulikuwa na "sindon", ambalo lilikufa karne ya 13, ingawa ndugu yake "sind" yu hai mpaka leo katika Kijerumani. Kulikuwa na lile la kaskazini, "aron", ambalo ndilo "are" yetu. Na huko kusini watu waliendelea kusema "we be", "they be" kwa miaka mingi, mpaka "are" iliposhinda katika karne ya 16. Hapa huwa naandika ubaoni mstari wa Warumi 13:1 kutoka Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611: "the powers that be are ordained of God". Tazama, "be" na "are", vyote wakati uliopo, vyote wingi, vimesimama jirani katika sentensi moja. Biblia ya Kiswahili inasema tu "ile iliyopo". Mwanafunzi aliyeandika "they be my friends" hastahili alama kwenye mtihani wa taifa, lakini anastahili kujua kwamba sentensi yake ingepita bila neno kwa watu wengi wa Uingereza ya zamani. Ukimwambia hivyo hachoki kusahihishwa.

Vivyo hivyo "art". Wanafunzi waliosali shule za misheni wanaijua "Our Father who art in heaven" kwa moyo, na wengi wanadhani "art" hapo ni sanaa, Baba wa sanaa mbinguni. Katika jedwali lile utaiona: "þu eart", herufi ya kwanza nayo ikitamkwa kama "th", yaani "wewe ni" au "wewe uko". Ni ndugu wa "are", na iliondoka pamoja na "thou".

Etymonline ina kurasa za mizizi pia, na hizi ndizo watu wengi hawazifikii. Ukibofya mzizi unaletewa ukoo mzima wa neno. Ukoo wa "be" una watoto usiowategemea. Kigiriki kilipata "physis", maana yake maumbile, ambalo ndilo lililozaa "physics". Kilatini kilipata "futurus", kitakachokuwa, ndiyo "future". Wajerumani na Waskandinavia walipata maneno ya kukaa na kujenga, na humo wametoka "build", "neighbour" na hata "husband", ambaye asili yake ni mwenye kukaa katika nyumba, mwenye kaya. Mwalimu mwenzangu wa fizikia, bwana asiyependa sarufi hata kidogo, nilimwonyesha ukurasa huo ofisini wakati wa mapumziko ya chai. Aliusoma wote, akaniomba simu, akausoma tena. Siku iliyofuata alianza kipindi chake kwa kuuliza darasa fizikia ni elimu ya nini, na alitaka jibu la "elimu ya vilivyopo na vinavyokua".

Ukoo wa "is" nao una yake. Asubuhi tunapoita majina, mtoto hujibu "Present, Madam", na asiyekuwepo tunamwandika "absent". Yote mawili yamebeba "esse" ya Kilatini, kuwa: kuwa mbele ya mtu, na kuwa mbali naye. Yumo humo "interest", kuwa katikati. Yumo "yes", ambayo katika Kiingereza cha Kale inaelekea iliunganishwa kutoka maneno mawili yenye maana ya "na iwe hivyo". Hata Kisanskriti kimo: "satyagraha", neno la Gandhi la mapambano yake ya Afrika Kusini, lina "sat" ndani yake, kilichopo, kilicho kweli.

Na "goodbye". Hili wanafunzi wanalipenda kuliko yote. Ni "God be with ye" iliyofupishwa na kusagwa na vinywa vya watu mwishoni mwa karne ya 16. "Be" imezikwa humo ndani na hakuna anayeiona. Darasa zima lilikaa kimya kidogo, kisha kijana mmoja wa nyuma akasema, "Kumbe nao walikuwa wanaagana kwa dua kama sisi."

Nimeisifu vya kutosha, sasa nieleze mipaka yake, maana mwalimu akiichukua kwa kazi isiyo yake atailaumu bure.

Kamusi hii haifundishi matumizi. Haikwambii lini useme "is" na lini "are", haina mazoezi, haina matamshi ya kumsaidia mtoto wa kidato cha kwanza. Asili ya neno haigeuki kuwa kanuni ya sarufi. Kujua kwamba "was" ilikuwa kitenzi cha kukaa hakumzuii mtu kuandika "we was". Hilo linazuiwa na mazoezi mengi, kusoma sana, na mwalimu asiyechoka kusahihisha. Mimi naitumia kufungua mlango wa somo, dakika kumi za mwanzo, kisha tunarudi kwenye mazoezi.

Lugha yake ni ya kubana. Utakutana na "14c." ambayo ni karne ya 14, na "PIE", kifupi cha lugha ya kale ya Kihindi-Kiulaya. Utakutana na kinyota mbele ya mzizi, kama nilivyokiandika hapo juu. Kinyota hicho ni kidogo lakini ni muhimu kuliko vyote. Maana yake ni kwamba neno hilo hakuna mtu aliyewahi kuliona limeandikwa. Wataalamu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha zilizobaki. Mwalimu akikisahau atawaambia watoto "Wazungu wa kale walisema *wes-" kana kwamba kuna aliyewasikia. Tarehe nazo zisomwe kwa uangalifu: mwaka ulioandikwa ni wa maandishi ya kwanza yaliyobaki, na neno laweza kuwa lilitamkwa vijijini muda mrefu kabla halijaandikwa.

Tena, ni kazi iliyosimama juu ya kazi za wengine. Harper mwenyewe hafichi hilo, anaorodhesha vyanzo vyake. Kwa mwalimu inatosha kabisa. Kwa anayeandika tasnifu haitoshi. Huyo aende kwenye Oxford English Dictionary, iliyoanza kutoka mwaka 1884, ikakamilika 1928, na toleo lake la pili la 1989 likafika juzuu 20. Hiyo inakupa sentensi za kila karne kama ushahidi. Lakini mtandaoni ni ya kulipia, na maktaba ya shule yetu haina hata juzuu moja.

Wengine wataniuliza kwa nini nisitosheke na Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya TUKI, iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoka kwanza mwaka 1996. Ninayo mezani, jalada limechoka, na sitaiacha. Ukitaka kujua "be" tunaisemaje, hiyo ndiyo ya kwanza kufungua. Lakini haikuandikwa kueleza asili, na si haki kuidai asili. Hizi mbili hazigombanii kazi moja.

Pengo ninaloliona ni letu wenyewe. Nilipomaliza kulijibu lile swali, yule yule binti hakukaa. Akasema, "Na sisi, Madam? 'Mimi ni', 'nilikuwa', 'niko', 'niliye', neno letu lenyewe liko wapi?"

Hapo Etymonline haina msaada, kwa kuwa ni ya Kiingereza. Nilirudi kwenye madaftari yangu ya chuo. Nasi tumeunganisha. "Kuwa" inarudi kwenye mzizi wa Kibantu *-bá, ambao wanaisimu wanaupa maana ya kukaa, kuwa, kuja kuwa. Ile "b" ya kale kwetu imekuwa "w", kama "abantu" wa jirani zetu walivyokuwa "watu". "-li-" ya "niliye" na "iliyo" ni kitenzi kingine, *-dì, nacho maana yake kuwa, na wanaisimu wengi wanaona ndicho kilichozaa "-li-" ya wakati uliopita, ile ya "nilisoma". "Ni" na "si" zina njia yao. "-po", "-ko" na "-mo" ni za mahali. Mtoto wa Tanga anasema "baba yupo", "baba alikuwapo" na "baba ni mvuvi" bila kuhisi kwamba ameruka kutoka kitenzi kimoja hadi kingine, sawa na mtoto wa Leeds anavyoruka kutoka "is" hadi "was". Na tazama ajabu hii: Waingereza walichukua kitenzi cha kukaa wakakifanya cha kuwa, na wazee wetu wa Kibantu, bila kuonana nao, wakafanya hivyohivyo.

Habari hizi zipo. Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati kule Tervuren, Ubelgiji, yana hifadhidata ya mizizi ya Kibantu mtandaoni. Lakini imetengenezwa kwa wanaisimu, ni mizizi mitupu na maana zake kwa lugha za kigeni, hakuna simulizi. Kamusi zetu za Kiswahili zikikuambia sana zitakuambia neno hili limetoka Kiarabu, basi. Natamani sana TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) au BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) watupatie kamusi ya asili ya maneno ya Kiswahili iliyoandikwa kwa Kiswahili, ya bure, ambayo mtoto wa kidato cha pili anaweza kuifungua kwenye simu ya mama yake akasoma "kuwa" imetoka wapi. Mtu mmoja wa Pennsylvania ameweza kwa Kiingereza kwa kusoma vitabu ambavyo tayari vipo. Sisi wataalamu tunao.

Kwa mwalimu anayetaka kuanza: fungua "be", kisha "am", "are" na "was" kwa mpangilio huo. Andika mambo muhimu kwenye daftari la maandalio kwa maneno yako, usiwape watoto ukurasa wenyewe, watapotea kwenye vifupisho. Ukiwa na fedha kidogo piga fotokopi ya lile jedwali la Kiingereza cha Kale pale steshenari, nakala moja kwa dawati. Baadaye ingiza "yes" na "goodbye". Mwalimu wa uhasibu mpelekee "entity", maana wanafunzi wake wanakariri kile wanachokiita "business entity concept" na wachache wanajua kwamba "entity" ni "kilichopo" tu, kutoka Kilatini cha wanafalsafa. "Essence" na "exist" wawekee kidato cha tano na cha sita. "Essence" ilifinyangwa na Warumi kutoka "esse" ili kulifasiri neno moja gumu la Wagiriki, na "exist", iliyoanza na maana ya kusimama nje, kujitokeza, iliingia Kiingereza karibu na mwaka 1600, ilhali nomino yake "existence" ilikwisha kuandikwa tangu mwishoni mwa karne ya 14. Waulize inawezekanaje nomino ikatangulia kitenzi chake kwa karne mbili, na uwape wiki nzima ya kulijadili.